Maji, Msitu na Kamati ya Usalama: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu, Busia na Siaya, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mto, msitu na malisho vinaingiaje kwenye mipango ya usalama? Tumechagua sita.

Nafundisha historia na serikali kidato cha tatu. Mwanafunzi aliniuliza kwa nini mambo ya miti na mito yanatajwa siku hizi kwenye mikutano ya usalama. Nilimjibu kijuujuu na sikuridhika. Sheria inasemaje hasa?
*Mwalimu, Njoro*

Mwalimu, anzia Kifungu cha 238 cha Katiba ya 2010. Usalama wa taifa pale si ulinzi wa mipaka peke yake. Ni kukinga nchi dhidi ya vitisho vya ndani na vya nje, na vinavyokingwa vimetajwa kimoja kimoja: ardhi na uhuru wa nchi, watu wake, haki zao, mali yao, amani, utulivu na ustawi. Wasomee wanafunzi orodha hiyo polepole, kisha waulize mto uliofurika unagusa mangapi kati ya hayo.

Halafu wafungulie Kifungu cha 240, kinachounda Baraza la Usalama wa Taifa. Wamo rais na naibu wake, mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani, mwanasheria mkuu, mkuu wa majeshi, mkurugenzi mkuu wa ujasusi na inspekta jenerali wa polisi. Waziri wa mazingira hayumo, wala wa maji. Hakuna sheria inayolizuia baraza kujadili mafuriko. Tatizo ni kwamba hakuna mwenye kiti mle ambaye kazi yake ni kuyaleta mezani kabla hayajatokea. Huku chini kwenye kaunti ni vivyo hivyo: kamati ya usalama inaongozwa na kamishna wa kaunti, na mara nyingi afisa wa maji au wa hali ya hewa huitwa maji yakiwa yameshaingia nyumbani.

Mfano mmoja uko ndani ya kaunti yenu. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka Mai Mahiu yakaua makumi ya watu. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu tundu la kupitishia maji chini ya reli lilikuwa limezibwa na magogo, mawe na udongo. Siku chache baadaye wizara ya usalama wa ndani iliwapa saa 24 watu wanaoishi karibu na mito mikubwa na mabwawa 178 wahame. Amri ilitoka kwa wakuu wa usalama, lakini kilichohitajika wiki kadhaa kabla ya hapo ni watu wachache wenye majembe na mashine moja ya kuzibua kalvati, na mtu wa kuandika kwamba limezibuliwa.

Kwa hiyo mwanafunzi wako akitaka kujua mpango mzuri unafananaje, mpe maswali matano. Hatari inaanzia wapi? Nani anaipima, na kwa kifaa gani? Kipimo kikifika wapi tuchukue hatua? Nani, kwa cheo chake, anatoa amri saa hiyo? Fedha zinatoka fungu lipi? Mipango mingi tuliyoisoma hujibu la kwanza kwa kurasa nyingi na kuyaacha matatu ya mwisho wazi. Hapo ndipo watu wanapofia.

Mwongezee na hili. Tarehe 13 Desemba 2021, Kenya ikiwa mwanachama wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ilipigia kura ya ndiyo azimio la kuingiza mabadiliko ya tabianchi katika kazi ya baraza hilo. Kura za ndiyo zilikuwa 12, Urusi na India zikapinga, China haikuunga mkono wala kupinga, na azimio likaanguka kwa veto ya Urusi, yaani kura ya mwanachama wa kudumu inayotosha peke yake kuzuia azimio. Msimamo wa nchi kwa hiyo unajulikana. Kinachobaki ni kuushusha mpaka kwenye ofisi ya naibu kamishna.

Mimi ni mzee wa kijiji. Mto ukijaa, tuta letu hutoa maji upande wa mashamba. Vijana wanasema ni kawaida, akina mama wanataka kuhama. Nani yuko sahihi, na niripoti nini?
*Mzee wa kijiji, Budalang'i*

Mzee, kila upande una hoja. Tuta la udongo lililozuia maji kwa siku kadhaa hutoa jasho, na jasho peke yake si hatari. Cha kuangalia ni rangi. Kinga maji hayo kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, iache itulie kwa robo saa, kisha itazame chini. Ikiwa ni safi, chomeka kijiti pale maji yanapotokea na urudi kila saa kuona kama yameongezeka. Ikiwa kuna tope au punje za mchanga, maana yake maji yanabeba udongo wa ndani ya tuta. Shimo linachimbwa kutoka upande wenu kurudi mtoni, na likifika, tuta linaporomoka kwa dakika chache. Hapo akina mama ndio walio sahihi: wazee, wagonjwa na watoto waondoke kwanza, mifugo ifuate.

Mkiona chemchemi inayotapika mchanga chini ya tuta, msiizibe. Ukiiziba, nguvu ya maji itatafuta njia nyingine usiyoiona. Izungushieni magunia kama mdomo wa kisima, maji yapande ndani ya duara hilo mpaka yatoke safi, na mwache sehemu moja ya chini kidogo yapate kumwagika.

Magunia nayo yana kanuni zake. Gunia la mahindi la kilo 90 halifai. Likijazwa mchanga halibebeki, na likikazwa sana halilaliani na mwenzake, maji yanapita katikati. Tafuteni mifuko ya takriban sentimita 35 kwa 65, mjaze nusu hadi thuluthi mbili, mkunje mdomo na kuulaza chini ya mfuko wenyewe, mpange kwa kupishana kama matofali, na kila safu ikanyagwe. Upana wa chini uwe mara tatu ya kimo. Ukuta wa mita 30 wenye kimo cha sentimita 30 hula mifuko 600 hadi 800. Ukitaka kimo cha sentimita 60, andaa karibu 2,000, kwa kuwa kimo kikipanda, msingi nao lazima upanuke. Kamati nyingi hukosea hapo: huagiza mifuko mara mbili tu, ikaisha ukuta ukiwa katikati.

Ripoti yako iwe fupi na yenye vipimo. Kwa mfano: "Saa 12:40 jioni, mita 200 chini ya shule, upande wa kusini. Maji ya matope, unene wa mkono, yameongezeka tangu saa 10. Kilele cha tuta kimebaki sentimita 50 juu ya maji." Mpelekee naibu wa chifu na afisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa ujumbe wa simu, ili saa ibaki imeandikwa. Dharura ikiwa kubwa, piga 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Tena, Nzoia inalishwa na mvua ya Cherangani na Mlima Elgon, mbali na kwenu, kwa hiyo mto unaweza kupanda kwenu kukiwa na jua kali. Muwe na mtu mmoja wa kusoma ubao wa kipimo wa Rwambwa asubuhi na jioni, na mkubaliane mapema alama ipi ni ya kujiandaa na ipi ni ya kuondoka.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza nasi hatutaki kuliacha. Mto una pande mbili. Tuta la upande mmoja likipasuka, maji hupungua upande wa pili, na kila mafuriko makubwa huja na tetesi kwamba kuna watu wanapanga kulikata usiku. Tetesi hiyo inaweza kuwatoa watu na mapanga hata kama si kweli. Budalang'i imeona matuta yakipasuka mwaka wa 2003, 2008 na 2020, kwa hiyo si jambo la kufikiria tu. Doria ya usiku iwe ya pamoja, wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, na majina yao yawe kwa chifu.

Kiangazi kikifika, tembea juu ya tuta lote na kamba na daftari. Andika mashimo ya panya na fuko, vichuguu, mizizi ya miti iliyokufa, mahali panapochimbwa mchanga chini ya tuta, na hasa njia za ng'ombe wanaokwenda kunywa. Njia moja ikishusha kilele kwa sentimita 40, maji yatapita pale hata kama kilomita zote zilizobaki ni imara.

Kila tukisikia msitu wa Mau unalindwa kwa ajili ya usalama wa taifa, tunaona malori ya askari tu. Je, hiyo ndiyo maana ya kuingiza mazingira kwenye usalama?
*Mkulima, Kuresoi*

Hapana, na tunaona hofu yako ni ya haki. Mau ni msitu wa karibu hekta 400,000 ambamo mito ya Njoro, Mara na Sondu huanzia. Sondu peke yake huendesha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu na Sang'oro kule Nyakach, kwa jumla takriban megawati 80, na mitambo hiyo haina bwawa kubwa la akiba: mto ukipungua, umeme unapungua. Mto ukija na udongo mwingi, mchanga huo husaga mapanga ya mitambo. Kwa hiyo ndiyo, miti ya kwenu ni jambo la taifa.

Ila neno "usalama" likishatajwa, ni rahisi kusahau kwamba anayeishi ukingoni mwa msitu naye yumo katika orodha ile ya Kifungu cha 238. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema tarehe 26 Mei 2017 kwamba kuwaondoa Waogiek, jamii ya asili ya msitu huo, kulivunja haki zao, na haikukubali hoja kwamba wao ndio walioharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 iliagiza walipwe fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhila, pamoja na kurudishiwa ardhi ya mababu zao.

Fahamu haki zako kwa vitendo. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, inataka anayehamishwa kutoka ardhi ya umma apewe ilani ya maandishi angalau miezi mitatu kabla, itangazwe gazetini na kwenye redio kwa lugha ya wenyeji. Siku yenyewe maafisa wajitambulishe na waonyeshe kibali cha maandishi. Nakala ya ilani, picha ya alama za mpaka na risiti zozote za ardhi viwe nje ya nyumba, kwa ndugu au kanisani. Jeshi nalo lina masharti: chini ya Kifungu cha 241 husaidia katika dharura na maafa na kuripoti kwa Bunge la Kitaifa, lakini likitumwa kurejesha amani mahali penye vurugu lazima Bunge liidhinishe.

Mpango unaofanya kazi huanza na vyama vya jamii vya misitu vyenye mkataba wa maandishi na Shirika la Huduma za Misitu: nani analisha wapi, kuni siku gani, mche upi unapandwa kando ya mto. Askari wa kwanza wa msitu ni jirani yake aliye na sababu ya kuutaka ubaki.

Wizi wa ng'ombe mpakani kwetu huongezeka wakati fulani wa mwaka. Wengine wanasema ni ukame. Ni kweli?
*Kijana wa kamati ya amani, Nyakach*

Ukame hauibi ng'ombe, ndugu, na tunakusihi usiruhusu mwizi ajifiche nyuma ya hali ya hewa. Unachofanya ukame ni kuwakusanya wanyama wengi kwenye visima na vijito vichache, saa zile zile, na kuwalazimisha wachungaji kuvuka mpaka ambao kwa kawaida hawauvuki.

Chukueni daftari mwandike kila tukio: tarehe, idadi ya ng'ombe, mahali walipokunywa mara ya mwisho, bei ya fahali sokoni wiki hiyo, usiku wa mbalamwezi au giza, na nyayo zilielekea wapi. Baada ya misimu miwili ya kiangazi mtaona mtindo. Matukio yakijaa Januari na Februari karibu na kijito kimoja, shida ni maji, na kisima cha pili upande wa pili kitasaidia kuliko kituo kipya cha polisi. Yakifuata siku za mnada bila kujali mvua, ni biashara, na mnapaswa kutazama malori na vibali vya kusafirisha mifugo. Yakiongezeka karibu na uchaguzi, mnajua wenyewe wa kumuuliza.

Mamlaka ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya onyo kila mwezi kwa kaunti 23 kame. Baringo na Pokot Magharibi zimo. Kisumu, Kericho na Nandi hazimo, kwa hiyo hakuna atakayewapigia kengele, na daftari lenu ndilo taarifa yenu. Mkiandika makubaliano ya maji na majirani, yataje siku na saa za kila upande, idadi ya juu ya ng'ombe, namba za simu za watu wawili kila kijiji, na utaratibu wa nyayo: wanaofuatilia wakifika kijiji cha jirani wasimame, wakabidhi nyayo kwa wazee wa hapo, na wale waendelee nazo. Vijana hamsini wenye mikuki wakiingia kijiji kisicho chao usiku, ng'ombe watasahaulika, na litakalobaki ni vita.

Kikundi chetu kinaishi karibu na mto Auji. Kila mvua tunahama. Tukienda mikutano ya bajeti tunaambiwa tumechelewa. Twende lini, na tuseme nini?
*Kikundi cha akina mama, Nyalenda*

Akina mama, mnaambiwa mmechelewa kwa sababu mnaitwa wakati wa makadirio, ambapo mambo yamekwishapangwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Jambo lisilokuwamo humo hupata shida kuingia baadaye, kwa hiyo nendeni Julai na Agosti. Waraka wa mkakati wa fedha hufika bungeni kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Mpango wa miaka mitano wa sasa unaishia 2027, na wa 2028 hadi 2032 huanza kuandikwa kabla ya hapo. Mfuko wa dharura wa kaunti upo kisheria, lakini matumizi yake hayapaswi kupita asilimia 2 ya mapato ya mwaka uliotangulia, nao huguswa maji yakishaingia.

Msiombe "kushughulikiwa kwa mafuriko." Ombeni kitu chenye urefu na tarehe: kuzibua mita kadhaa za mtaro kutoka daraja fulani hadi fulani, kabla ya tarehe 10 Machi, na taka zibebwe siku hiyo hiyo. Taka zikiachwa ukingoni, mvua ya kwanza huzirudisha mtaroni.

Mkitaka kujua kama kamati za kaunti zina mpango wowote wa mto wenu, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na hakuna ada ya kuliwasilisha. Mnalipia tu gharama ya nakala. Andikeni hivi:

"Kwa afisa wa habari. Chini ya Sheria ya Kupata Habari, 2016, tunaomba nakala ya: (1) mpango wa dharura wa mafuriko wa wadi yetu, (2) alama ya maji inayotumika kutoa amri ya kuhama na cheo cha anayeitoa, (3) tarehe ya mwisho mtaro wa Auji ulipozibuliwa. Kwa kuwa jambo hili linahusu uhai wa watu, tunaomba jibu ndani ya saa 48."

Muda wa kawaida ni siku 21, lakini habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa au wakinyamaza, mnalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Aidha, gavana ndiye mwenyekiti wa mamlaka ya upolisi ya kaunti, na sheria inataka wanawake, vijana na vikundi vya jamii wawe na wawakilishi humo. Ulizeni ni nani anayewawakilisha, mumpe barua hiyo hiyo.

Kwa nini samaki wawe jambo la usalama? Sisi hukamatwa ziwani tukitafuta mbuta.
*Mvuvi, Usenge*

Kwa sababu Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na mbuta hawajui mpaka. Wakipungua karibu na ufuo, mashua hufuata maji ya kina, na huko mstari wa mpaka hauonekani kwa macho. Mgogoro wa Kenya na Uganda kuhusu Migingo, kisiwa kidogo mno chenye mabanda ya mabati yaliyobanana, ulianza hivyo hivyo.

Kabla ya kutoka, hakikisha namba ya usajili imepakwa pande zote mbili za mashua, leseni iko kwenye mfuko usioingia maji, na ofisi ya ufuo imeandika majina ya wote waliomo na saa ya kutoka. Simu yenye ramani hufanya kazi hata bila mtandao mradi umepakua ramani ukiwa nchi kavu. Weka alama ya mahali ulipotega nyavu. Mkisimamishwa, msikimbie na msikate nyavu. Mtu wa ufuoni akiona mmepitisha saa mbili baada ya muda mliosema, aripoti polisi na Walinzi wa Pwani, akiwapa alama hizo za ramani.